Dakika 20, dola 150, na ulimwengu mzima

Juma lililopita mambo mawili yalinifikia kwa siku mbili mfululizo, na tangu hapo sina usingizi. Jumanne, baada ya mazoezi ya kwaya, mama mmoja wa sauti ya pili aliniletea simu yake akaniomba tujifunze kwa ajili ya Noeli wimbo ambao binti yake alikuwa ameupata kwenye YouTube. Jumatano mpwa wangu alifika nyumbani, hapa Katuba mjini Lubumbashi, akiwa na mkataba wa kurasa 11 ulioandikwa kwa Kiingereza, akitaka nimsomee kabla ya kutia sahihi, kwa kuwa katika ukoo wetu mimi ndiye ninayedhaniwa kukijua Kiingereza.

Wimbo wa mama huyo ni «Baba Yetu», na yeye alidhani umetungwa na kwaya fulani ya Tanzania. Kumbe umetoka kwenye mchezo wa video. Mmarekani Christopher Tin aliutunga kwa ajili ya Civilization IV, mchezo uliotolewa mwaka 2005, baada ya kuombwa na rafiki aliyewahi kukaa naye chumba kimoja chuoni, na mwezi wa Februari 2011 ukawa muziki wa kwanza uliotungiwa mchezo wa video kupata tuzo ya Grammy. Maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili, ingawa yamepangwa kwa namna inayomfanya Yesu aitwe Baba, jambo ambalo katekista wetu alilinasa mara ya kwanza tu alipousikia, na ambalo najua nitaitwa na padri kulieleza. Hata hivyo nilijisikia fahari. Muziki wa michezo ulipoingia kwa mara ya kwanza katika ukumbi ule wa wakubwa, uliingia ukiimba Kiswahili.

Fahari hiyo ilidumu usiku mmoja. Mkataba wa mpwa wangu uliimaliza.

Studio moja ya ng'ambo, ambayo sitaitaja, ilisikia vipande alivyoviweka mtandaoni ikampenda. Inataka dakika 20 za muziki kwa ajili ya mchezo wake wa video wa msituni, na kwa dakika hizo inatoa dola 150. Malipo hayo ni ya mara moja. Badala yake inachukua haki zote, za sasa na za baadaye, kwa njia zote zilizokwisha kubuniwa na zile ambazo hazijabuniwa bado, «katika ulimwengu mzima», na hapo ulimwengu maana yake si dunia peke yake bali nyota na sayari zote pia. Nilikisoma kifungu hicho mara tatu. Ikitokea siku moja watu wakafungua nganda, yaani baa, kwenye mwezi na kupiga humo likembe (ala ndogo ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba) ya kijana wa Katuba, basi huyo kijana asithubutu kudai chochote, kwa maana wanasheria wa studio walishawahi kufika huko kabla yake.

Tuanze na hesabu. Desturi ya kazi hii ni kumlipa mtunzi kwa dakika ya muziki uliokamilika, yaani uliotungwa, ukapigwa, ukarekodiwa na kuchanganywa hadi ukawa tayari. Katika studio kubwa za Marekani na Ulaya dakika moja hulipwa mamia ya dola, na mtunzi mwenye jina huvuka 1,000 bila shida. Mpwa wangu anapewa dola saba na nusu. Mtu ataniambia kwamba studio ni ndogo na kijana hana jina, nami nitakubali, kwa shingo upande.

Lakini kuna hila ndani ya neno hilo «dakika», na hapa ndipo ninapoomba kusikilizwa. Dakika ya filamu ni dakika: inapita, imekwisha. Dakika ya mchezo wa video hairuhusiwi kwisha, kwa sababu hakuna anayejua mchezaji atakaa kwa muda gani pale mtoni akitafuta daraja. Kwa hiyo muziki lazima ujirudie bila sikio kugundua mahali palipounganishwa, na juu ya hapo lazima ujengwe kwa matabaka yanayoweza kuongezwa na kuondolewa wakati wowote mchezaji anapobadilisha mwendo. Mpwa wangu alinionyesha kipande chake cha kwanza kwenye kompyuta. Tabaka la chini ni likembe ya babu yake, aliyoirekodi saa nane usiku, umeme uliporudi na jenereta za majirani zilipozimwa, akiwa amejifunika blanketi pamoja na maikrofoni ili majogoo wasiingie. Tabaka la pili ni ngoma, ambazo husikika pale tu adui anapokaribia. La tatu ni sauti za dada zake wawili, zinazoingia pambano linapoanza. Matabaka haya matatu yanapaswa kupatana yakiwa pamoja, na kila moja linapaswa kupendeza likiwa peke yake, na yote yaweze kukatwa katika pigo lolote bila muziki kuanguka kama mlevi ngazini. Alinizimia ngoma, akaniwashia sauti, akanizimia likembe, na kila mara wimbo ulisimama kwa miguu yake. Nimeongoza kwaya kwa miaka 19 na sijui kama ningeiweza kazi hiyo.

Sasa, mkataba unahesabu dakika 20. Kijana anatunga na kurekodi dakika 60, kwa sababu kila dakika ina matabaka matatu. Dola saba na nusu zimekwisha kuwa mbili na nusu. Nendeni mkampe fundi viatu wa soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, soli tatu, kisha mwambieni mtamlipa moja kwa kuwa zote zitakaa katika kiatu kimoja. Mje mnieleze amewajibu nini.

Hata hayo yangesameheka kama malipo hayo yangekuwa mwanzo tu, na mengine yakafuata kila muziki unapopigwa. Mwaka 1847 mjini Paris, mtunzi Ernest Bourget alikuwa amekaa katika mkahawa wa Les Ambassadeurs akasikia wimbo wake ukipigwa, naye akakataa kulipia kinywaji chake akisema kwamba ninyi mmetumia muziki wangu bure, nami nimekunywa bure. Mahakama zilimpa haki, na kutokana na kesi hiyo ikazaliwa SACEM, shirika la watunzi la Ufaransa, mwaka 1851, ambayo ndiyo mama wa mashirika yote ya kukusanya mirabaha, yaani malipo ya mtunzi kila kazi yake inapotumika, mpaka SONECA yetu ya Kongo ya mwaka 1969 na SOCODA iliyoirithi mwaka 2011. Msingi wake ni kwamba wimbo ukipigwa hadharani, iwe redioni, katika televisheni au kwenye nganda, aliyeutunga anastahili sehemu. Mchezo wa video unauponyoka msingi huo kwa urahisi wa ajabu, kwa sababu kijana anayecheza chumbani kwake hapigi muziki hadharani. Anaweza kuisikia likembe ile kwa saa 200, nao wenzake milioni moja wakafanya hivyo hivyo, na mtunzi asipate hata senti. Ndiyo maana mtunzi wa televisheni anaweza kukubali malipo madogo mwanzoni akitegemea mirabaha ya miaka ijayo, na ndiyo maana mtunzi wa michezo hana budi kudai mapema chote anachokitaka. Anachopewa siku ya sahihi kwa kawaida ndicho atakachokula.

Na bado studio haikutosheka. Muziki wa mchezo huweza kutoka nje ya mchezo: ukawekwa katika tangazo la televisheni, ukapigwa na okestra, ukauzwa kama albamu. Huko nje mirabaha ipo, na mikataba mingi humwachia mtunzi sehemu yake hata pale hakimiliki yenyewe inapouzwa. Kifungu cha tisa cha mkataba wa mpwa wangu kinaifuta sehemu hiyo pia. Kifungu cha kumi kinasema kazi yote ihesabiwe kuwa ya kuajiriwa, kwa hiyo mbele ya sheria ya Marekani mtunzi ni studio. Yaani likembe ni ya babu, usiku ni wa kijana, blanketi ni la mama yake, na mtunzi ni kampuni. Ajira hiyo, ninyi mnaosoma, haina mshahara, haina bima, haina hata kiti.

Ajira ya kweli ni jambo jingine, na siipingi. Koji Kondo aliajiriwa na Nintendo, kampuni ya michezo ya video ya Japani, mwaka 1984, akatunga muziki wa Super Mario Bros. mwaka uliofuata, na mwaka 2023 Maktaba ya Bunge ya Marekani iliuingiza wimbo wake mkuu katika orodha yake ya sauti za kuhifadhiwa daima, ukiwa wa kwanza kutoka katika michezo ya video. Wimbo huo ni wa kampuni, lakini kampuni nayo ilimpa mtu mshahara wa miaka na miaka. Kwa upande wa pili yupo Mjerumani Daniel Rosenfeld, ajiitaye C418, ambaye alitunga muziki wa mchezo wa Minecraft bila kuachia haki zake. Microsoft ilipoinunua studio ya mchezo huo mwaka 2014 kwa dola bilioni 2.5, muziki ulibaki wake. Ni kweli kwamba baadaye muziki mpya wa mchezo ulikuja kupewa watunzi wengine, na wanaopenda kuwatisha vijana hawachoki kulitaja hilo. Ahadi za kugawana faida sizizungumzii. Asilimia kumi ya sifuri kila mtu anaijua.

Wengine wameniambia kwamba malipo si kitu, kwa kuwa mpwa wangu atajulikana. Mwaka 2024 Mwingereza Martyn Ware wa kundi la muziki la Heaven 17 alieleza hadharani kwamba alipewa dola 7,500 ili wimbo wao wa mwaka 1983 utumike katika mchezo mpya wa Grand Theft Auto, bila mirabaha yoyote ya baadaye, naye akakataa. Huyo anajulikana kwa zaidi ya miaka 40, na kumbe kujulikana hakukupandisha bei.

«Mjomba,» mpwa wangu alisema nilipomaliza kusoma, «hapa Lubumbashi nani atanipa dola 150 kwa mkupuo?»

Sikuwa na jibu, na sitajifanya kuwa nalo sasa. Amepiga kinanda kwenye harusi za Ruashi hadi alfajiri akarudi na nauli na sahani ya bukari, yaani ugali. Tuliandika barua pamoja. Tuliomba kila tabaka lihesabiwe dakika zake, sehemu ya mirabaha ya mtunzi irudishwe, na albamu aiuze yeye. Jibu lilikuja Ijumaa: wamekubali jina lake liandikwe mwishoni mwa mchezo, jambo ambalo hatukuliomba kwa kuwa tulidhani halihitaji kuombwa. Mkataba uko juu ya kinanda changu, na kifungu cha tisa na cha kumi vimekatwa kwa penseli. Bado hajatia sahihi, wala hajakataa.

Mimi mwenyewe, lazima niseme, nilikuwa nimekwisha kumpelekea kijana wa fotokopi nota za «Baba Yetu» ambazo mtu alizipakua bure, atoe nakala 34. Nilirudi kuzichukua kabla hajawasha mashine, akaninunia. Jumapili nimetangaza mchango wa kununua nota halali. Mama wa sauti ya pili alikuwa wa kwanza kutoa franga zake, lakini alizishikilia kwanza mkononi.

«Maestro, hata Sala ya Bwana siku hizi inalipiwa?»

Nilimjibu kwamba sala ni ya bure, ila nota ni za aliyezitunga. Alizitoa, kisha akadai risiti.