Nipe ile kali

Mwembe Tayari, saa mbili za usiku. Duka la dawa lina foleni ya watu sita, mimi wa nne. Kijana aliye mbele anaegemea dirisha na kusema maneno niliyoyasikia tangu utotoni: "Daktari, nipe ile kali. Ya juzi haikufanya kitu." Huyo daktari si daktari, sote twajua, lakini ndiyo heshima yetu ya dukani. Hamuulizi anaumwa nini. Anachomoa karatasi ya vidonge kumi, anachukua makasi, anakata vinne. Kipande chenye jina la dawa na tarehe ya mwisho kinarudi kwenye boksi. Kijana anakwenda zake na vidonge vinne visivyo na jina.

Sikuwa na uso wa kumcheka. Nilikuwa hapo kumnunulia mamangu dawa ya mkojo, mara ya tano mwaka huo, na maneno niliyokuwa nimeyaandaa mdomoni ni hayo hayo.

Mamangu ana miaka sitini na tatu, anauza viungo soko la Kongowea. UTI yake (siku hizi hata mabibi wanaitaja kwa herufi zake tatu) ilianza kama mchezo. Mkojo unachoma, kila dakika kumi yuko chooni, na kinachotoka ni matone. Tukamnunulia amoksili. Ikatulia, ikarudi. Tukapanda hadi sipro. Ikatulia wiki tatu, ikarudi. Tukapanda tena, sindano za seftriaksoni kila asubuhi kwa siku tatu, kwa sababu siku tano zilitushinda bei. Kupanda, ndivyo tulivyokuwa tukisema nyumbani, kana kwamba dawa zimepangwa kama ngazi na juu kabisa kuna moja isiyoshindwa na kitu.

Mara ya tano ndipo tukaangukia kwa daktari mmoja, binti mdogo wa makamo ya ndugu yangu wa mwisho, aliyeuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kutuuliza: "Mama, huu mkojo umewahi kuoteshwa?"

Tukatazamana. Kuoteshwa?

Akaeleza. Mkojo unapelekwa maabara, unapakwa kwenye kisahani chenye chakula cha bakteria, wanaachwa wamee. Wakimea wanatambuliwa ni kina nani, kisha wanajaribiwa dawa moja moja ionekane ipi inawaua. Inachukua siku mbili tatu. Siku ya tatu tukapewa karatasi yenye safu ya majina ya dawa na mbele ya kila jina herufi moja. Amoksili, R. Sipro, R. Seftriaksoni, R. R maana yake bakteria huyu dawa hiyo haimshughulishi. Alikuwa E. coli, mkaaji wa kawaida wa matumbo yetu, ila huyu alikuwa sugu. Chini chini kabisa ya karatasi, mbele ya nitrofurantoini, kulikuwa na S, yaani hii inamuua. Dawa ya tangu miaka ya 1950, ya bei nafuu, ambayo kwa ugonjwa wa kibofu usiofika kwenye figo inafanya kazi vizuri. Miezi kumi tulikuwa tukibisha mlango wa nyumba asimokaa mtu.

Kwa hiyo mtu akiniuliza leo ni mbinu gani mpya inayohitajika Mombasa dhidi ya bakteria wakaidi, namjibu hiyo: kisahani. Najua ni teknolojia ya kale, ya enzi za mababu. Lakini kwetu ni mpya, maana wengi hatujawahi kukutana nayo. Tumezoea kubahatisha mpaka tunaona kubahatisha ndio utabibu. Hesabu tu watu unaowajua walioambiwa wana malaria na taifodi kwa mpigo mmoja. Mara nyingi hiyo taifodi imetoka kwenye kipimo cha Widal, ambacho hakimtafuti bakteria mwenyewe bali kingamwili, na kingamwili hizo unaweza kuwa nazo kwa ugonjwa wa zamani au kwa ugonjwa mwingine kabisa. Unakwenda nyumbani na sipro ya taifodi usiyokuwa nayo, na bakteria wa tumboni mwako wanapata darasa la bure.

Darasa hilo lina gharama. Hesabu ya kimataifa iliyochapishwa mwaka 2022 ilikadiria kuwa mwaka 2019 maambukizi sugu yaliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani. Wala hatukukosa kuonywa. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alipopokea Tuzo ya Nobeli mwaka 1945 alisema wazi kuwa mtu akijipimia dozi ndogo mwenyewe atawafunza vijidudu kuizoea dawa. Vidonge vinne kwa makasi, mzee yule alikwisha kuviona kabla mamangu hajazaliwa.

Basi nitrofurantoini ikafanya kazi. Mamangu akalala usiku mzima bila kuamka. Ila swali lililobaki ndilo gumu zaidi, kwa nini ulikuwa ukirudi? Usugu unaeleza kwa nini dawa zilishindwa. Hauelezi kwa nini hata pale zilipoonekana kushinda, wiki tatu baadaye tuko palepale.

Yule daktari alijaribu kueleza kwa michoro, mamangu akamkatiza: "Kama ute wa mtungi?" Daktari akacheka, akasema hajawahi kusikia mfano mzuri kuliko huo.

Aliyekulia mtaa ambao mfereji hutoa maji siku ukipenda anaujua mtungi wa lita ishirini. Maji yetu hutoka mbali, Mzima na Baricho, na yakikatika ni mkokoteni na mitungi. Kaa na mtungi miezi miwili bila kuusugua, kisha pitisha vidole mdomoni mwake uguse ukuta wa ndani. Unateleza kama pweza. Ukiusuuza, maji yanapita juu ya ule ute na kutoka safi, nawe unadhani umeosha. Mamangu hutia mchanga wa pwani, kokoto kidogo na maji kiasi, akautikisa mpaka bega limlegee, na kinachomwagika ni maji ya kijivu yenye vipande vipande kama karatasi iliyolowa.

Bakteria ndivyo wanavyoishi wakipata nafasi. Wanashikana ukutani, wanajifunika ute, na ndani ya ute huo wengine wanalala. Antibiotiki nyingi humpata bakteria anayekua na kugawanyika. Aliyelala zinampita kama maji ya kusuuza. Mpira wa mkojo ukikaa mwilini siku nyingi hujaa utando huo huo, ndiyo maana mgonjwa mwenye mpira anaweza kutibiwa na kutibiwa bila kupona mpaka mpira wenyewe utolewe. Na kwenye kibofu, E. coli ana hila ya ziada: anaweza kuingia ndani ya seli za ukuta wenyewe akajificha humo, kisha akatoka siku dawa imekwisha.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma sana mambo haya, zaidi ya inavyomfaa mwalimu wa jiografia. Na kilichonishangaza ni kuwa baadhi ya tafiti bora za miaka ya karibuni hazihusu dawa kali hata kidogo. Mwaka 2018 yalitolewa matokeo ya utafiti wa wanawake 140 ambao hawajakoma hedhi, wenye UTI za kujirudia na mazoea ya kunywa maji machache. Nusu yao waliongezewa lita moja na nusu ya maji kwa siku. Katika mwaka mmoja, walioongezewa waliugua wastani wa mara 1.7, wenzao mara 3.2. Maji tu. Karibu nusu ya maradhi, na karibu nusu ya antibiotiki ambazo zingemezwa.

Kwa waliokoma hedhi kama mamangu kuna jambo jingine. Homoni ya estrojeni ikipungua, ngozi ya ukeni inakonda na bakteria wema waliokuwa wakilinda mlango wanapungua. Krimu ya estrojeni ya kupaka ndani hupunguza maambukizi ya kujirudia. Madaktari wanalijua hili miaka mingi. Sisi hatulijui kwa sababu hakuna anayelitaja mbele ya watu. Mamangu alipoambiwa alifunika uso kwa leso na kusema "Astaghfirullah, na mtoto wangu wa kiume yuko hapa!" Lakini krimu aliichukua.

Halafu kuna methenamini, dawa ya zamani iliyokuwa karibu kusahaulika. Ikiingia kwenye mkojo wenye asidi hubadilika kidogo kidogo kuwa ile kemikali ya fomalini, na bakteria hana raha humo. Utafiti wa Uingereza wa wanawake 240, uliochapishwa mwaka 2022, uliona kuwa kwa kukinga UTI haikuachwa nyuma kwa kiasi cha kutia wasiwasi na antibiotiki ya kila siku. Na yenyewe si antibiotiki, ndio uzuri wake.

Ipo pia chanjo ya kupuliza chini ya ulimi, MV140, yenye bakteria waliouawa wa aina nne na ladha ya nanasi, kila siku kwa miezi mitatu. Uingereza waliwafuatilia watu 89 walioitumia, na zaidi ya nusu hawakuugua UTI kwa miaka tisa. Utafiti huo haukuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo sipigi vigelegele bado. Ila ladha ya nanasi, wallahi, aliyeibuni anawajua binadamu.

Ninachokipenda kuliko vyote ni faji. Hawa ni virusi wanaokula bakteria na kuwaacha watu. Félix d'Hérelle aliwaeleza mwaka 1917, na taasisi ya Tbilisi, Georgia, inawatumia kutibu tangu miaka ya 1920. Nchi nyingine ziliwaacha penisilini ilipokuja, sasa zinawarudia. Mwaka 2016 huko San Diego, Profesa Tom Patterson alikuwa mahututi kwa bakteria ambaye kila dawa ilimshindwa, aliyempata safarini Misri. Mkewe, Steffanie Strathdee, mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko, aliwaandikia watafiti huku na huku mpaka wakapatikana faji wanaomwua bakteria yule. Mzee akaamka. Na faji hutafutwa wapi? Kwenye maji taka, maana walipo bakteria wengi ndipo walapo. Hapa kwetu watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, jijini Nairobi wamewashughulikia faji wa kuua Salmonella wa kuku.

Nikipita Tudor na kunusa kinachomwagika kwenye mkono wa bahari, huwa nawaza utajiri tulio nao. Si mzaha mtupu: ukoo wote wa seftriaksoni ulianzia kwenye kuvu aliyepatikana karibu na mdomo wa bomba la maji taka baharini, Cagliari, Sardinia, miaka ya 1940.

Dawa mpya zipo pia. Gepotidasini, ya kumeza, iliidhinishwa Marekani Machi 2025 kwa UTI, ya kwanza ya aina mpya kwa ugonjwa huo baada ya karibu miaka 30. Nilifurahi, kisha nikaogopa, kwa sababu akilini nimeiona tayari iko Mwembe Tayari, imekatwa kwa makasi. Dawa hizi hazitengenezwi kwa urahisi. Kampuni ya Achaogen iliidhinishiwa plazomisini mwaka 2018, nayo ni ya UTI kali, na mwaka uliofuata ikafilisika. Dawa inayotakiwa kufungiwa kabatini kwa ajili ya wachache haimlishi aliyeitengeneza. Tukiitumia ovyo inakufa, tukiitunza kampuni inakufa. Sina jibu la fumbo hilo, ila serikali zinazolipa kampuni kwa kuwepo kwa dawa badala ya idadi ya vidonge, kama Uingereza ilivyoanza, zinaelekea pazuri.

Mimi moyo wangu uko kwenye kinga. Hapo Kilifi, mwendo wa saa moja na kitu, watafiti walionyesha kuwa baada ya chanjo ya nimonia ya PCV10 kuanza mwaka 2011, maradhi makali yaletwayo na aina za bakteria zilizomo kwenye chanjo yalipungua kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto asiyeugua hahitaji antibiotiki, na bakteria asiyekutana na antibiotiki hajifunzi kitu. Ndiyo maana Julai 2025, chanjo ya taifodi ilipoletwa nchini kwa watoto hadi miaka 14, nilibishana na nusu ya kikundi cha WhatsApp cha mtaa. Walisema inaficha jambo. Niliwauliza nani kati yao hajawahi kumeza sipro ya taifodi. Kimya.

Mamangu sasa ana mwezi wa kumi bila kuugua. Nilimnunulia chupa ya lita moja na nusu, nikaichora mistari kwa kalamu ya wino mzito: saa nne, saa sita, saa tisa. Anakwenda nayo Kongowea, anaiweka kati ya gunia la bizari na la pilipili manga. Wiki iliyopita nilimpitia mchana nikakuta imefika mstari wa saa nne na haijashuka tena. Nikaanza kumsomea, wanawake 140, lita moja na nusu, mara 1.7. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu ambayo mama humpa mtoto aliyesoma. Jirani yake wa kibanda cha pili, mwuza nazi, ndiye aliyejibu.

"Mwanangu, maji twayajua. Sisi hatunywi makusudi. Choo ni kule nyuma ya magunia ya viazi, unalipa, ukifika mlango hauna komeo na sakafu imejaa. Ukinywa chupa hiyo utakwenda mara ngapi?"

Nilikwenda kukiangalia. Alikuwa amekisifu.