Mwezi hauonekani ndani ya ukumbi wa semina

Walimu wengi wa jiografia na fizikia ninaowafahamu wamewahi kuhudhuria semina ya falaki, yaani elimu ya nyota na sayari. Huwa ni siku mbili, mchana, ukumbini, na projekta. Kuna picha za Zohali na pete zake, kuna mipira ya kupaka rangi, kuna chai ya saa nne, halafu cheti. Sina ugomvi na chai. Ugomvi wangu ni kwamba mwalimu anatoka pale hajatazama chochote angani, na Jumatatu anarudi kuchora ubaoni maduara yaleyale ya mwaka jana.

Siku hizi tunasisitiziwa mafunzo ya vitendo. Vizuri, lakini kupaka mpira rangi na kuuita Mshtarii ni kazi ya mikono tu. Udadisi huanza pale mwalimu anapokuwa na swali ambalo jibu lake hana, na njia ya kulitafuta anayo.

Chukua kauli ambayo sote tumekua nayo: saa sita mchana jua liko utosini. Simamisha fimbo ya mita moja uwanjani, ihakikishe kwa timazi ya fundi mwashi, kisha kuanzia saa tano na nusu weka kokoto penye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano. Dar es Salaam jua hupita utosini mara mbili tu kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na Oktoba 10. Hata siku hizo si saa sita kamili: Machi ni saa sita na nusu na ushei, Oktoba ni saa sita na dakika kumi hivi. Mwishoni mwa Juni kivuli kifupi kuliko vyote vya siku kina sentimita kama 58 na kinaelekea kusini; mwishoni mwa Desemba kina kama 30, na kimegeukia kaskazini. Mwenzako aliyeko Kigoma akifanya hivyo siku hiyohiyo, kivuli chake kifupi kitachelewa chako kwa dakika 39 hivi. Walimu wawili waliobishana kwa simu kuhusu dakika hizo hawahitaji kukaririshwa kwamba Dunia hujizungusha nyuzi 15 kwa saa.

Penye mtego hasa ni majira. Mwaka 1987, kwenye mahafali ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, wanafunzi, wahadhiri na wahitimu wa zamani 23 waliulizwa chanzo cha majira ya mwaka au cha sura za mwezi. Waliojibu visivyo walikuwa 21. Jibu lililozoeleka ni kwamba kukiwa na joto Dunia imelikaribia jua. Sisi huku tuna tabu ya ziada, maana kwetu jibu hilo linaonekana kweli kabisa! Dunia hulikaribia jua zaidi mwanzoni mwa Januari, kilomita milioni 147 hivi, na Januari Dar hakulaliki kwa joto. Mwanzoni mwa Julai umbali unafika milioni 152, na Makete, kule nyanda za juu, watu wanaota moto. Ukimwambia mwalimu kwamba sababu ni mhimili wa Dunia ulioinama, ataandika, ataitikia, na moyoni atabaki na lake. Muulize badala yake mbona Januari hiyohiyo London wanatetemeka, kisha unyamaze. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu kuliko zote kwa mkufunzi, na sijaona semina inayoifundisha. Ukivumilia, kuna atakayekumbuka kile kivuli cha fimbo kilichohama kutoka kusini Juni hadi kaskazini Desemba.

Mwezi nao hauna habari na ratiba ya ukumbi. Wapo walimu wazuri tu wanaofundisha kwamba mwezi hupungua kwa sababu ya kivuli cha Dunia. Dawa yake ni kuutazama kwa siku zote za mwezi mmoja, toka unapoandama magharibi ukiwa umelala kama mtumbwi (vitabuni umechorwa umesimama, kwa kuwa waliouchora wanaishi mbali na ikweta) hadi siku za kuamka alfajiri kuutafuta. Ukifika nusu ukiwa bado unakua, toka nje saa kumi alasiri, uuone mashariki huku jua likiwa magharibi. Inua chungwa uliloshikiza kwenye kijiti, liwe pembeni yake. Chungwa litaangazwa upande uleule, nusu ileile, na hakuna kivuli cha Dunia popote.

Kwa hiyo naona zile siku mbili za semina zigawanywe: asubuhi moja ya kuanza, mwezi mzima wa kutazama kila mwalimu akiwa kituoni kwake, na asubuhi moja ya kubishana juu ya madaftari. Vikao vya MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) shuleni vipo, na makundi ya WhatsApp yapo. Wa Arusha na wa Songea wakipima pembe ya jua siku moja, kila mmoja wakati wa kivuli kifupi, watapata tofauti ya nyuzi 7.3 hivi, karibu sawa na ile aliyoitumia Eratosthenes, mwanazuoni Mgiriki wa kale, huko Misri, na kutokana nayo watakadiria mzingo wa Dunia. Kuhusu darubini za msaada, nyingi zitaishia kabatini kwa mkuu wa shule. Afadhali fedha hizo ziwe bando.

Nitaambiwa mtihani hauulizi kokoto. Ni kweli, ingawa unauliza majira kila wakati na majibu tunayajua yalivyo. Mimi nahisi kikwazo ni kingine: mwezi mzima wa kutazama juu hauna mgeni rasmi wa kuufungua, wala picha ya pamoja ya kumpelekea mfadhili.