Kishikwambi cha rubani na Alhamisi ya karatasi

Abiria akichungulia chumba cha marubani kabla mlango haujafungwa, akaona kishikwambi kimebanwa kando ya dirisha, cha aina ile ile anayochezea mwanawe gemu, nacho ndicho kinachobeba chati, yaani ramani za njia na viwanja ambazo zamani zilikuwa za karatasi, swali linalomjia ni moja: kikizima je? Swali ni la haki. Hata wenye kazi yao wapo wanaosema karatasi haiishi chaji, haigandi wala haidai nywila. Wanasema kweli. Ila wakishaifanya karatasi kuwa ndiyo usalama wenyewe, nadhani wamesahau Alhamisi.

Kila baada ya siku 28, na daima siku ya Alhamisi, taarifa za usafiri wa anga duniani hubadilika kwa pamoja: masafa ya redio, kimo cha chini ambacho rubani hatakiwi kukivuka kama haoni barabara ya kurukia na kutua, jina la kiungio cha uwanja (njia inayoipeleka ndege kwenye barabara hiyo), mnara mpya ulioota karibu na njia ya kutua. Zama za karatasi, mabadiliko hayo yalikuja kwenye bahasha. Unafungua jalada la pete saba, unachomoa 11-1 (chati ya kutua) ya zamani, unachomeka 11-1 mpya, unakwenda 10-9, ambayo ni ramani ya uwanja wenyewe, nayo hivyo hivyo. Karatasi nyembamba zinazogandana vidoleni, na bunda lote linaweza kupita kurasa mia. Ukimaliza unaweka sahihi yako kwenye ukurasa wa mbele kwamba umebadilisha zote.

Hebu tulitazame hilo jambo la sahihi. Mtu ameketi mezani usiku, ana safari ya alfajiri, na kurasa mbili zimeshikana akazipita bila kujua. Nani atagundua? Jalada linafungika vizuri. Sahihi ipo. Ukurasa wa zamani unafanana na mpya kama pacha, isipokuwa tarehe ndogo pale juu. Kosa hilo litakaa kimya wiki kadhaa mpaka siku ndege itakaposhuka kwenye uwanja huo huo, tena kwenye mawingu. Na rubani mwenzake ana jalada lake, huenda nalo lina kosa lake la peke yake. Tulizoea kuuona utaratibu huu ni imara kwa sababu haukuwahi kutupigia kelele.

Kuna na jambo jingine ambalo karatasi haikuliweza hata ilipokuwa sahihi kabisa. Oktoba 31, 2000, kwenye uwanja wa Taipei, Taiwan, usiku wa mvua ya kimbunga, ndege ya Singapore Airlines iliongeza kasi kwenye barabara iliyofungwa kwa ukarabati, marubani wakiamini wako kwenye ile ya pembeni yake. Watu 83 walikufa. Chati walikuwa nazo. Agosti 2006 huko Lexington, Marekani, ndege ya Comair ikarukia barabara fupi badala ya ndefu, wakafa 49 kati ya 50. Wachunguzi walisema marubani hawakuhakikisha walipokuwa, na hilo ndilo kosa lenyewe. Lakini katika mapendekezo yao kulikuwamo ramani ya kwenye skrini inayoonyesha ndege ilipo uwanjani. Karatasi inakuonyesha uwanja tu, wewe mwenyewe ndiye ujitafute ndani yake, gizani, huku mnara wa kuongozea ndege ukikuita redioni.

Wapo wanaosema mashirika yalitupa karatasi kwa tamaa ya pesa. American Airlines, iliyokamilisha mabadiliko hayo mwaka 2013, ilijisifu kwamba kuondoa mabegi ya kilo 16 hivi kungeokoa galoni 400,000 za mafuta kwa mwaka, kiasi cha dola milioni 1.2. Kwa shirika la ukubwa ule hizo ni chenji.

Hata hivyo ni shirika hilo hilo lililowapa wapinzani hoja yao bora. Aprili 28, 2015, programu ya chati iliwagandia marubani wake ndege zikiwa tayari kuondoka. Chati ya uwanja mmoja wa Washington ilikuwa imeingia mara mbili kwenye hifadhidata. Safari kadhaa zilichelewa, na baadhi ya ndege zilirudi kwenye maegesho kutafuta intaneti ili programu ifutwe na kupakuliwa upya. Hapa sina ubishi: vishikwambi viwili vyenye data ile ile si akiba, ni kitu kimoja kilichonunuliwa mara mbili. Ninachoomba tuone ni kwamba kosa lile lilionekana, kila mtu alilijua ndani ya dakika chache, na lilikuta ndege zikiwa chini.

Halafu, kama hoja dhidi ya vishikwambi, hutajwa Halifax, Kanada, 2004 na Melbourne, Australia, 2009. Huko Halifax ndege ya mizigo ilianguka ikaua wote saba baada ya kompyuta ya kukokotoa kasi ya kuruka kutumia uzito wa safari iliyotangulia. Melbourne iliingizwa tani 262.9 badala ya 362.9, ndege ikaburuza mkia. Hayo ni makosa ya hesabu, si ya chati. Kuyachanganya ni kama kuilaumu saa kwa kosa la kalenda.

Mahali ninapokubaliana nao kabisa ni pawili. Ukikuza ramani kwa vidole, maandishi madogo ya chini yanatoka nje ya skrini, na mara nyingi sharti la hatari limeandikwa huko. La pili ni ile alama ndogo ya ndege inayotembea juu ya chati. Tangu mwaka 2023 mawimbi bandia ya setilaiti yamekuwa yakiwapoteza marubani karibu na maeneo ya vita, hasa Mashariki ya Kati, na kishikwambi kikidanganywa hakisiti: kinakuchora ulipo kwa uhakika ule ule, kumbe hauko hapo.

Dawa ya kosa lile la mwaka 2015, kwa maoni yangu, haiko kwenye karatasi. Data mpya hufika siku kadhaa kabla ya Alhamisi yake. Nahodha apakue leo na kuzifungua chati za viwanja vya zamu yake. Rubani msaidizi asiguse chake mpaka cha mwenzake kionekane kinafunguka.