Miguu 12, Yote ya Kushoto

Asubuhi ile nilimpa dogo amri moja tu: nikishawasha ruta, ile mashine ya kuchimba matundu kwenye mbao, hakuna kuniongelesha. Kile kisu kinazunguka zaidi ya mara 20,000 kwa dakika. Nikishtuka kidogo tu, kidole kinabaki kwenye mninga. Nikavaa vizuia kelele masikioni. Dogo akaitikia kwa kichwa, na sifa ya kijana yule ni moja: ukimwambia kitu, ameshika.

Kazi ilikuwa viti 6 vya meza ya chakula, vya mama mmoja aliyekuwa na kipaimara cha mwanawe. Karakana yangu iko Keko, Dar es Salaam, na fundi wa Keko akikuambia "njoo Jumamosi", ni juu yako kuuliza Jumamosi ya mwezi gani. Safari hii nilitaka kumshangaza mteja. Nilikuwa nimenunua ruta ya mtumba, nikaamua kuachana na ulimi wa kuchonga kwenye ncha ya reli, ule ubao unaounganisha mguu na mguu. Mtindo huu mwingine unatoboa tundu kwenye mguu na tundu kwenye reli, halafu unaranda ulimi wa peke yake, unauviringa kingo, unaupachika katikati kwa gundi. Kila ncha ya reli unaokoa milimita 25 za mbao, na mninga wa siku hizi hata vipande vya kutupa hatutupi.

Nikaunda jigi ya plaiwudi, yaani kifaa cha kushikilia mguu na kuongoza ruta. Mguu unaingia, unabanwa, ruta inateleza kati ya vizuizi viwili. Kisu cha milimita 12: nashuka milimita 5, nasukuma, nashuka tena, mara tano, tundu limekamilika. Vumbi la kahawia likajaa banda zima, kope zangu zikawa kama za mzee wa miaka themanini aliyepaka hina. Mguu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikaanza kuimba. Mwenyewe sikujisikia, lakini jirani yangu anayeuza vanishi alinisikia, na mpaka leo ananikumbusha.

Mara mbili nilimwona dogo kasimama mbele yangu kainua mkono. Nikamwonyesha kwa kidevu arudi kwenye msasa. Akarudi.

Kabla ya saa sita miguu yote 12 ya nyuma ilikuwa tayari. Nikapima kwa rula, tundu kwa tundu. Hakuna lililopishana na mwenzake hata nusu milimita. Nikamwita jirani aje aone. Hilo nalo ni kosa, najua.

Tukaanza kuunga kavu, bila gundi. Mguu wa kushoto ukaingia kwenye reli kwa kofi moja, kama unarudi kwao. Nikachukua wa kulia. Ukakataa. Nikaugeuza, mgongo ukapinda kwa mbele. Nikaupindua juu chini, ukapinda vizuri lakini matundu yakawa huko unakokanyaga. Nikajaribu mwingine, na mwingine. Kile kiti kikasimama mguu mmoja ukitazama Kurasini na mwenzake Chang'ombe.

Mguu wa nyuma wa kiti ni kama kiatu, una kushoto na kulia, kwa sababu umepinda. Matundu ya reli za mgongo yanatakiwa yatazamane. Mimi nilikuwa naingiza mguu kwenye jigi kwa ubavu uleule, mara 12. Nilikuwa nimetengeneza jozi 6 za kandambili, zote za mguu wa kushoto. Kwa patasi ningegundua mapema, maana kuchimba tundu moja la mninga kwa nyundo ni muda wa kutosha kutafakari hata madeni.

"Fundi," dogo akasema taratibu, "mimi niliona tangu mguu wa pili."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ulisema tusikuongeleshe."

Jirani wa vanishi akacheka mpaka akakaa chini, na mahali pa kukaa aliona ni kwenye meza yangu ya kazi, juu ya gundi.

Uzuri wa ulimi wa kupachika ni kwamba unaweza pia kuwa kiraka. Una umbo lilelile la tundu, mviringo kwa mviringo. Unaupaka gundi, unalinganisha nyuzi za mbao, unaugonga, kesho yake unakata kinachochungulia na kupiga randa, kisha unatoboa upande wa pili. Mguu una unene wa milimita 40, kwa hiyo tundu jipya lingekula milimita 10 za kiraka, lakini gundi ikishakauka hakuna neno. Miguu 6, matundu mawili kila mguu: viraka 12.

Cha kwanza nikakigonga bila kukichora mfereji wa kutolea hewa. Gundi ikatoka kwa presha, ikanikaa kwenye masharubu. Dogo akainamia msasa wake, mabega yakimtetemeka.

Kuanzia hapo nikawa makini. Nikaenda mguu kwa mguu, bila mashine, bila wimbo. Unapaka, unagonga, unafuta. Gundi nyeupe ina maji. Ulimi ukishalowa unavimba mle ndani, na hapo hata uuombe msamaha hautoki. Nilikuwa nimefika mbali, nikagonga kiraka kimoja kikazama vizuri kuliko vyote, nikajisikia fundi tena. Nikainua macho.

Dogo alikuwa amesimama, mkono juu.

"Sema! Leo ongea, nani kakukataza?"

"Fundi, huo ni wa saba."

Nikahesabu. Miguu sita iliyokwisha kuzibwa ilikuwa imeegemea ukuta, gundi inakauka. Huu wa mkononi ulikuwa wa kushoto, wa kushoto kwelikweli, uliotobolewa pale panapotakiwa.

"Na simu yako imeita mara tatu," dogo akaongeza. "Yule mama anauliza Jumamosi ipi."