Nataka kufuta reli moja tu

Jamani hivi nani alikaa chini akasema ngoja nitengeneze programu ya kuandikia, halafu ukiifungua ukaanza kuandika haiandiki? Mwenzenu nina kakompyuta kangu ka Raspberry Pi, kadogo kama kadi ya benki, hakana maus hakana madirisha, skrini nyeusi tu na teminali ya kuandikia amri, na kazi yenyewe wala si ya kuitia mtu jasho: kufungua faili la config.txt na kufuta alama ya reli (#) iliyo mwanzoni mwa mstari mmoja. Reli moja! Kwenye simu ningeifuta hata na usingizi machoni.

Nikaambiwa na jamaa yangu mjuzi, andika vi, ndiyo hiyo programu ya kuandikia, halafu jina la faili. Haya, faili hilo hapo. Nabonyeza d, kimya. Nabonyeza d tena nijue kama kibodi iko hai, mstari mzima ukayeyuka. Kumbe humu ndani herufi siyo herufi, ni amri, d mara mbili inakula mstari, u inaurudisha, x inakula herufi moja pale kanapowakawaka kale kamstari ka kukuonyesha ulipo, na ukitaka kuandika kama binadamu wengine lazima ubishe hodi kwanza kwa kubonyeza i, ukimaliza ubonyeze Esc urudi kwenye amri. Yaani hodi ya kuandika, ndani ya programu ya kuandikia.

Basi nikabisha hodi, nikaingia, nikabonyeza mshale wa juu ili nipande. Ikaandika A. Wa chini, B. Wa kulia C, wa kushoto D. Sasa config yangu ina alfabeti. Naambiwa eti ni kwa sababu iliyomo humo ni vim-tiny, yaani Vim (vi ya kisasa) iliyopunguzwa, inajifanya vi ya kale, na hata hivyo watu wazima hawatumii mishale, wanatumia h, j, k na l, maana Bill Joy alivyoandika vi mwaka 1976 alikuwa na teminali ya ADM-3A, yaani skrini na kibodi za enzi hizo, na mishale ilichorwa juu ya herufi hizo hizo. Sawa, pole zake. Ila mimi mishale ninayo, minne, nimeilipia! Na hiyo Esc yenyewe kwenye ADM-3A ilikaa pale ilipo Tab siku hizi, kidole kinafika bila kusumbuka, yangu iko kule kona ya juu kama imefukuzwa, kila sentensi ni safari.

Kutoka sasa. Andika nukta pacha na q, inakwambia E37, hujasevu, ongeza alama ya mshangao. Na hapa msinicheke peke yangu, swali la jinsi ya kutoka Vim pale Stack Overflow, mtandao wa maswali ya waandika programu, lilishafunguliwa zaidi ya mara milioni moja kufikia 2017, kwa hiyo tuko wengi tu tumefungiwa humo.

Mimi nikasema kwa kuwa nimeshafika, reli lazima ing'oke. Nikaikanyaga na x, ikaenda. Nukta pacha, wq. E45, faili ni la kusoma tu, ongeza mshangao. Nimeongeza. E212, haiwezi kulifungua iandike. Sasa mshangao umeniambia niongeze wa nini kama hutaki?? Faili ni la root bwana, yaani mkuu wa mfumo, ulitakiwa uanze na sudo, amri ya kuazima madaraka yake, toka mwanzo, ndo jamaa ananiambia saa hizi, kwa upole kabisa.

Na muda wote huo nano, programu nyingine ya kuandikia, imelala humo humo kwenye kakompyuta! Sudo nano, faili likafunguka, mishale inatembea, njia kuu zimeandikwa pale chini, ^X ni kushikilia Ctrl na X, inauliza nisevu, Y, Enter, imeisha. Jamaa anakunja uso, eti nano ni ya watoto. Mpeni basi mtoto haki yake, kazi imekwisha.

Hajakata tamaa lakini. Ananiambia nipitie vimtutor, somo la mazoezi la Vim, nusu saa tu nitaiva. Nusu saa ya kujifunza kwenda kushoto. Na nikiiita haipo, eti haiji na hiyo ndogo, mpaka kwanza niinstoo Vim kamili.