Madarasa Tumejenga, Gesi ya Jikoni Nani Atailipia?

Watanzania tunaoishi Uingereza huombwa mara kwa mara kuzichangia shule tulizosoma, na karibu kila ombi huwa la kitu cha kuzinduliwa: bati, saruji, madawati. Gharama za kuiendesha shule hazitajwi, ingawa ndizo zinazowaumiza walimu wakuu. Ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, kiwango kilichotokana na dola 10 za mpango wa elimu ya msingi ulioanza mwaka 2002. Shilingi imezidi kushuka thamani tangu hapo, wala bei ya karatasi na mahindi haikuisubiri. Juu ya hayo, agizo la serikali kwamba taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, jema kabisa kwa misitu yetu, limezitwisha shule zinazotoa chakula mzigo wa majiko mapya na mitungi ya kujazwa kila mara.

Shule za serikali za huku nazo zilibanwa, hasa bei za umeme na gesi zilipopaa mwaka 2022. Umoja wa wazazi na walimu huuza keki, huchezesha bahati nasibu, na kutenga siku ambayo watoto huja na nguo za nyumbani kwa kulipa pauni moja. Wapo wanaodhani mafanikio yanatokana na ubunifu huo. Mimi nayaona zaidi katika taratibu zisizopigwa picha. Vyama vingi vya aina hiyo ni asasi za hisani zilizosajiliwa, mweka hazina huwasomea wanachama hesabu, na mlipakodi aliyejaza tamko la hiari akichanga pauni moja, asasi hudai peni 25 zaidi kutoka mamlaka ya kodi. Tena chini ya Sheria ya Elimu ya 1996, mtoto haachwi nyuma katika ziara ya saa za masomo kwa sababu mzazi wake hakuchangia; fedha zisipotosha, ziara inaweza kufutwa kwa wote.

Kwetu pia mchango ni wa hiari tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, na Januari 2018 Rais Magufuli alikemea hadharani michango ya lazima. Hata hivyo, bado tunasikia habari za watoto kurudishwa nyumbani kwa sababu ya debe la mahindi.

Jambo moja la huku nisingeliiga: shule ya mtaa wa matajiri huchangiwa sana, ya jirani maskini hubaki na keki zake. Nasi tutafanya vivyo hivyo ikiwa kila mmoja ataikumbuka shule yake tu, kwa kuwa zipo shule zisizo na mhitimu hata mmoja ng'ambo. Ndiyo maana napendekeza tuchangie kwa kata, kwa kiasi kidogo kinachokatwa benki kila mwezi, kwa ajili ya chakula na nishati. Watu 20 wakitoa pauni 5 kila mmoja hupatikana pauni 1,200 kwa mwaka, bila kukodi ukumbi wala kupika pilau la harambee ambalo humeza sehemu ya makusanyo. Fedha ziingie kwenye akaunti ya shule, kamati ya shule ibandike mapato na matumizi ubaoni kila muhula, na shule isiyobandika isubiri mgao wake mpaka itakapofanya hivyo.