Shemeji, Rupia na Maji ya Betri

Shemeji yangu wa Muheza aliazima detekta ya kutafutia dhahabu, akaipitisha chini ya mwembe shambani kwao, ikalia. Kina cha mkono tu, akatoka na rupia sita za Mjerumani, zimeganda udongo na kuota ukungu wa kijani. Jioni hiyo hiyo mama mkwe aliitisha kikao cha mgawanyo.

Kwa kuwa mimi ni sonara wa Tanga mjini, nikapigiwa simu. Nikamwambia: usisugue. Pima kwanza, rupia ya Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Mjerumani, ina gramu 11.66, asilimia 91.7 fedha, kilichobaki shaba, na hiyo shaba ndiyo inayoota kijani. Loweka kwenye maji ya betri, yale baridi ya kuongezea, maana hayana chumvi. Badilisha kila siku kwa wiki nzima, chumvi ya ardhini itoke na udongo ulainike. Halafu chokoa kwa mwiba wa mndimu, rupia ikiwa majini. Chuma kisiguse kabisa.

"Nimekuelewa shemeji," akadakia nikiwa bado kwenye gramu.

Akaenda gereji. Fundi akamuuliza anataka maji makali au baridi. Shemeji hajawahi kuchagua kitu baridi mbele ya fundi. Akabeba makali, yaani asidi ya salfuriki. Akamimina kwenye kopo la rangi, akazifunga rupia tano kwa waya wa kufungia nondo ili zivutike kirahisi, akazitumbukiza, akalala. Ya sita alimpa mkewe aipige stilwaya na majivu, "tulinganishe".

Asubuhi simu ikapiga kelele: "Shemeji, Mjerumani alitudhulumu! Shaba tupu!" Pichani Kaiser Wilhelm II, mfalme wa Ujerumani aliye kwenye rupia hizo, alikuwa mwekundu kuanzia kofia hadi masharubu.

Mjerumani hana kosa. Asidi ilikula ukungu wa kijani, shaba iliyokuwamo ikayeyuka majini. Ukiweka chuma humo, chenyewe huyeyuka, na shaba inarudi kuganda juu ya chuma hicho na chochote kinachogusana nacho, fedha ikiwemo. Ndiyo maana koleo la kutolea vitu kwenye asidi ya sonara huwa la shaba au la mti.

Nikapanda basi. Waya nikautoa. Nikachukua asidi mpya, sehemu moja kwenye maji sehemu kumi (asidi ndiyo humiminwa kwenye maji, ukigeuza, inakurukia usoni), nikaongeza kiasi sawa cha haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya duka la dawa. Dakika chache wekundu ukaachia. Kisha maji yenye magadi soda ya kuua asidi, maji safi, asetoni ya kukaushia, na kitambaa cha kugusisha tu.

Fedha ilikuwepo, mama mkwe akapumua. Lakini zimebaki nyeupe butu, hazina ule weusi uliokuwa umetulia pembeni mwa herufi na kuzifanya zisomeke. Mkusanyaji akiona weupe huo hushusha bei kabla hajakaribishwa kiti. Na ile ya stilwaya, ya mwaka 1910, mikwaruzo haifutiki kwa dawa yoyote. Tai wa kwenye kofia amekuwa kuku aliyenyonyolewa.

Shangazi mmoja akataka tujaribu foili ya alumini na magadi soda kwenye maji moto. Hiyo ni ya vijiko vya fedha vilivyoingia weusi kabatini. Sarafu iliyozikwa ina vishimo, na ukiuondoa weusi vyote vinaonekana. Akaambiwa na kikao akae.

Wakati naaga, shemeji akauliza kama asidi ya kwenye kopo inafaa kwa betri ya bodaboda yake. Nikamwambia ina shaba na chuma, itaimaliza betri hata ikiwa imesimama.

"Nimekuelewa shemeji."

Kesho yake nilisikia anaisukuma kupandisha mlima.